Kuchunguza Kadi ya Matibabu, Kutoka Giheta hadi Kobero

Tangu nirudi, kila ninayekaa naye ananiuliza jambo lile lile: ni kweli mligawa mafuta ya gari mkabaki mmekwama Muyinga? Nimesimulia kipande hapa na kipande pale, na sasa nasikia habari inazunguka mjini Gitega ikiwa na mambo ambayo mimi mwenyewe sikuyaona. Basi nimekaa niandike yote tangu mwanzo, kwa ajili yenu mliouliza.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Serikali yetu ya Burundi ina kadi ya matibabu kwa watu wa kipato kidogo. Familia inachangia kidogo mara moja kwa mwaka kwenye ofisi ya komine, yaani ya wilaya, inapewa kadi yenye majina ya wote wa nyumbani, na mmoja wao akiugua analipa sehemu ndogo tu katika zahanati au hospitali ya serikali. Sehemu kubwa inabebwa na serikali. Sisi tulitumwa kuwauliza wenye kadi, wauguzi na madaktari kama mpango huo unafanya kazi, kwa sababu ofisi za juu zilikuwa zinafikiria kuupunguza. Kilichotajwa kwanza kupunguzwa ni upasuaji, kwa kuwa ni ghali.

Tulikuwa watatu. Mimi, Mama Keza, mnanifahamu: nimekulia kambini Tanzania, nikarudi nikiwa mtu mzima, na Kirundi changu bado kinachekesha. Wa pili ni Dieudonne, mtaalamu wa uchumi kutoka Bujumbura, kijana mwenye akili nyingi na viatu visafi. Wa tatu ni Mzee Hamisi, dereva wetu, mzaliwa wa Muyinga.

Giheta: watu walikuja kupimwa

Tulianza karibu, Giheta, siku ya soko. Tulisimama mbele ya zahanati nami nikawaeleza watu, kwa Kirundi changu cha kambini, kwamba tumekuja kupima jinsi kadi inavyowasaidia. Nilidhani nimesema vizuri. Watu wakaanza kujipanga. Mama mmoja alikunja mkono wa gauni lake hadi begani, akanyoosha mkono, akafumba macho.

Nilimwuliza kulikoni.

"Si umesema mmekuja kupima," akanijibu. "Toa damu, mwanangu. Nimeacha nyanya zangu sokoni."

Mzee Hamisi alicheka mpaka akaegemea gari. "Mama Keza, we umesema gupima. Hapa kwetu gupima iko damu. Bon, sasa ona, watu bote banangoja sindano."

Nilijaribu kuwaeleza upya, lakini foleni haikuvunjika, maana waliokuwa nyuma hawakunisikia na waliokuwa mbele hawakutaka kupoteza nafasi. Muuguzi mkuu wa zahanati, mama mfupi mwenye sauti ya upole, alitoka akatutazama, akawatazama wale watu. "Wengine hawa huwa nawabembeleza mwaka mzima waje," akaniambia. "Umeniletea leo wote." Akaingia ndani, akatoka na vipimo vya malaria, akaanza na yule mama wa nyanya. Waliokutwa wanaumwa walipewa dawa palepale kwa kadi zao. Sisi tukawahoji wakiwa wanasubiri majibu, na sijawahi kupata mahojiano ya utulivu kama yale.

Mchana tulikula mishikaki ya mbuzi na ndizi za kuchoma pembeni ya soko. Dieudonne alikuwa anaandika huku anakula. "Madamu," akasema, "tumeanza kwa kosa." Nikamwambia kosa hilo limewapatia watu dawa. Akasema ndiyo, lakini siku ya kawaida wasingekuja, kwa hiyo hatujaona siku ya kawaida. Alisema kweli, na ndiyo maana nilitaka awe nami.

Gitega: foleni ya mazutu

Kwenda Muyinga tulihitaji mazutu, ile dizeli ya gari letu, na mnajua wenyewe hali ya mafuta ilivyo. Mzee Hamisi alipeleka gari kituoni kabla ya alfajiri akakuta wenzake wamelala ndani ya magari tangu jana yake. Tulishinda pale. Watu walipeana zamu za kwenda kunywa chai, wakabishana mpira, wakasinzia. Jioni tulipata nusu tangi na dumu moja la akiba. Mzee Hamisi alilifunga dumu lile kwa kamba nyuma ya gari, akalifunika kwa turubai, akakagua fundo mara mbili.

"Hii iko ya kutufikisha Kobero na kuturudisha," akasema. "Tusizungukezunguke."

Barabara ya Karuzi: mtu mgonjwa

Asubuhi tuliondoka kuelekea Karuzi. Mvua ilikuwa imenyesha, milima yote ina rangi ya majani mabichi, na wanaume wa baiskeli wanateremka na mikungu ya ndizi kwa kasi ya kutisha. Tulipopita Karuzi tairi lilipasuka. Wakati Mzee Hamisi analibadilisha, mama mmoja aliyeuza chakula kando ya barabara alitukaribisha kwenye benchi lake akatupa maharage yaliyopikwa na ndizi na mboga ya lengalenga. Dieudonne aliomba kijiko. Mama akamtazama kwa huruma, akaenda kukiazima nyumba ya tatu.

Kituo chetu kilichofuata kilikuwa zahanati ndogo juu ya barabara, upande wa Muyinga. Sitaitaja jina, wala hospitali nitakayoisimulia, kwa sababu wenyewe waliomba hivyo. Tulikuwa tumekaa na muuguzi, tunaongea habari za dawa zinazokosekana, mara tukasikia watu wanapanda kilima wakihema. Walikuwa wanaume wanne wamebeba ngobyi mabegani, ile machela yetu ya kusukwa. Ndani yake alilala mwanamume wa makamo, uso umekuwa wa kijivu, anauma kitambaa asipige kelele. Nyuma yake alikuja mkewe, ameshika kadi ya matibabu kwa mikono miwili.

Mgonjwa aliitwa Salvatori. Mkewe ni Vestina. Aliponisikia naongea na Mzee Hamisi, alinijia moja kwa moja na kuniambia kwa Kiswahili safi cha Kigoma: "Dada, anatapika tangu alfajiri. Ana ngiri. Leo imekataa kurudi ndani."

Muuguzi alimgusa tumbo mara moja tu. Akamtundikia dripu, akatoka nje na simu. Aliporudi alisema taratibu, ili Salvatori asisikie: "Ngiri imekaba utumbo. Akichelewa, utumbo unaoza. Hospitali wanamngoja, lakini gari la wagonjwa halina mafuta." Kisha akalitazama gari letu.

Dieudonne alinivuta pembeni. "Madamu, sisi ni wachunguzi. Tukimbeba huyu, hatutajua tena kadi ingemfikisha wapi bila sisi. Tutakuwa tumeharibu kazi."

Nikamwuliza muuguzi: bila sisi, itakuwaje?

"Watambeba," akasema. "Hawa wanaume watambeba mpaka wafike. Sijui watamfikisha akiwa hali gani."

Niliwatazama wale wabebaji. Wa mbele, mwanamume mkubwa mwenye ndevu za mvi, alikuwa ameinama, mkono mmoja gotini na wa pili ameukandamiza tumboni, nikadhani ni uchovu. Alikuwa Leonidasi, kaka yake mkubwa Salvatori. Nilimwambia Dieudonne kwamba jibu la sehemu hiyo tumeshalijua, na tutaliandika. Nilipogeuka, Mzee Hamisi alikwisha kulaza viti na kutandika turubai. Tulimwingiza Salvatori, Vestina akakaa sakafuni amempakata kichwa chake, na Dieudonne akapanda mbele.

Njiani Vestina aliniambia habari yake. Wote wawili wamekulia kambini kama mimi. Mumewe ana ngiri hiyo tangu waliporudi na kuanza kulima upya kilimani. Kila asubuhi alikuwa anaifunga kwa kitambaa chini ya suruali ndipo ashike jembe. Hospitali hakutaka hata kuisikia, kwa aibu na kwa woga wa kuuza shamba. "Mwaka huu nimechukua kadi kwa nguvu," akasema Vestina. "Nilimdanganya kwamba ni ya watoto. Sasa hivi tu, njiani, ndipo nimemwambia jina lake limo."

Salvatori alifumbua macho. "Ungeniambia," akasema.

"Ungekataa."

Akafumba tena.

Hospitali: taa

Nakiri kwamba nilifika hospitali ile nikiwa nimejiandaa kugombana. Nilikwisha sikia habari nyingi za watu kuachwa kwenye mabenchi mpaka jamaa zao watafute pesa. Mama wa mapokezi aliichukua kadi kwa Vestina, akalinganisha jina na uso, akairudisha. "Mpelekeni ndani," akasema. "Mengine tutaandika baadaye." Hakuna aliyemwomba Vestina kitu. Alibaki amesimama na kadi mkononi kama mtu aliyejitayarisha kusukuma mlango mzito akakuta uko wazi.

Daktari wa upasuaji alikuwa mwanamke kijana, Daktari Odeta, kandambili miguuni na kofia ya kijani kichwani. Alimpima Salvatori, akaagiza aandaliwe. Pale niliona jambo lililonifurahisha: dawa zilikuwa zimepungua kweli, rafu nyingi za famasia zilikuwa tupu, lakini wauguzi wa chumba cha upasuaji walikuwa wametenga masanduku ya dharura, kila moja lina nyuzi, glavu, dripu na dawa ya usingizi, na hawayagusi kwa kazi nyingine yoyote. Walitoa moja.

Kisha Daktari Odeta alitoka akaniita, akidhani mimi ni ndugu wa mgonjwa.

"Umeme haupo tangu asubuhi," akasema. "Jenereta ina mafuta kidogo, na kuna mama humu anayesubiri kupasuliwa ili azae. Yule nimeshamwahidi. Siwezi kumfungua huyu tumbo halafu taa zikazimika."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nimepiga simu kote. Nasubiri jibu."

Nilikwenda nje. Mzee Hamisi alikuwa anafuta sakafu ya gari. Nilimweleza. Alisimama akakunja kitambaa chake vizuri kabla ya kujibu.

"Jenereta yao iko ya mazutu?"

"Ya mazutu."

"Donc, basi iko. Tuko na dumu, na tangi iko na kitu bado. Lakini mi nakuambia ukweli, Mama Keza: tukitoa, Kobero hatufiki na Gitega haturudi. Tutabaki hapa sijui mpaka lini. We ndiye mukubwa, we utaamua."

Dieudonne alisimama nyuma yangu, nami nilitegemea aseme tena habari za uchunguzi. Niligeuka nimsikilize. Alikuwa amepauka.

"Nimechungulia mlangoni," akasema. "Salvatori anasali."

Akapanda nyuma ya gari, akaanza kufungua kamba. Fundo la Mzee Hamisi lilimshinda, ikabidi mwenyewe amsaidie. Dumu alilibeba Dieudonne, mpaka kwenye kibanda cha jenereta, mazutu yakimmwagikia kwenye viatu. Mzee Hamisi akanyonya yaliyobaki kwenye tangi kwa mpira, akaacha kidogo tu ya kutufikisha mjini, akatema, akaomba maji.

Mama mjamzito alitangulia, tukasikia mtoto analia. Salvatori akafuata. Mimi na Vestina tulikaa ukutani, jenereta inanguruma, na kila iliposita kidogo Vestina alinishika mkono. Jua lilikuwa bado halijazama Daktari Odeta alipotoka, amevua kofia, nywele zimemlowa.

"Utumbo ulikuwa umeanza kuwa mweusi," akamwambia Vestina. "Nimeufunika kwa vitambaa vya maji ya vuguvugu nikangoja. Umerudia rangi yake. Sikukata kitu. Ngiri nimeishona."

Vestina alimwuliza kama anaweza kumshukuru kwa kumkumbatia. Daktari akasema anaweza, ila ananuka dawa. Walikumbatiana hata hivyo.

Muyinga mjini: pilau na ubishi

Tulilala kwa dada yake Mzee Hamisi, Mama Zainabu, mshona nguo katika mtaa wa Waislamu. Alitupokea kama tuliotazamiwa, akatupikia pilau, na sambusa za dengu ambazo mpaka leo nazitamani. Kiswahili cha nyumba ile kilinipendeza na kunichanganya. Mama Zainabu aliniambia, "Kula, iko mingi," nami nikaangalia sinia kutafuta hiyo "mingi" ni chakula gani.

Tulipomaliza kula, Dieudonne akaanzisha ubishi. Tutaandika nini? Tukiandika kwamba kadi ilimwokoa Salvatori, ni uongo, kwa sababu aliokolewa na mazutu yetu. Tukiandika kwamba kadi haifai bila mazutu, upasuaji utaondolewa na wengine kama yeye watabaki wanajifunga vitambaa.

"Si muandike yote?" akauliza Mama Zainabu, anakusanya sahani.

"Wakubwa hawapendi kusoma marefu, Mama," akasema Dieudonne.

Mimi nilisema hivi, na ndivyo tulivyoandika baadaye. Bila kadi, Salvatori asingetoka nyumbani kwake. Angeogopa mpaka afe. Kadi ndiyo iliyompa Vestina nguvu ya kumtoa. Wanaume wanne, muuguzi, mama wa mapokezi, daktari na sanduku la dharura, wote walifanya sehemu yao bila kumwuliza ana nini mfukoni. Kilichokosekana ni mafuta, na dawa za rafuni. Basi viongezwe hivyo, na upasuaji usiguswe. Dieudonne alifikiri, akasema nimesema kama mtu aliyeupenda mpango huu. Nikamwambia nimeupenda kweli, na hilo pia aliandike.

Kobero: mafuta na kadi za njano

Gari likiwa limelala uani kwa Mama Zainabu, tulipata lori lililokuwa linarudi Tanzania likiwa tupu. Dereva wake alikuwa Msukuma mkimya aliyepokea abiria watatu kwa sharti moja, kwamba tusimwombe azime redio. Tulifika Kobero masikio yanavuma.

Mpakani tulitaka kuwahoji wapagazi, wale wanaobeba mizigo kati ya malori ya kwetu na ya Kabanga, upande wa Tanzania. Nilipowaambia watuonyeshe kadi, kila mmoja alitoa kadi ya njano ya chanjo na kuinyoosha kwa hofu. Walidhani tumetoka ofisi ya afya ya mpakani. Mmoja alianza kuondoka na mzigo wake kichwani. Ilibidi Mzee Hamisi awakimbilie na kuwaeleza kwa lugha yao. Baada ya hapo waliongea sana. Wengi walisema kadi ya matibabu wanaijua na wake zao wanaitumia, lakini wao wenyewe hawana muda wa kuugua. Tulikula nao ugali na dagaa, na waliposikia kilichotupata Muyinga, mmoja alitupeleka kwa mfanyabiashara mwenye mazutu. Tukarudi Muyinga na madumu mapya, kwa lori jingine lisilo na redio.

Kurudi

Salvatori tulimkuta ameketi kitandani, anakunywa uji. Kwa mbali nilidhani ni mtu mwingine, kumbe ile rangi ya kijivu ndiyo iliyokuwa imeondoka. Nilimpa pole, nikamwuliza kama kuna jambo la kadi angependa tuwafikishie wakubwa.

"Waambie iendelee," akasema. "Na waambie wanaume wanaogopa zaidi ya wanawake. Mimi hapa nawajua wawili kilimani kwetu wana ugonjwa kama wangu, na hawatasema."

Vestina alimkazia macho. "Wawili nani?"

Alimnong'oneza. Niliona mkono wa Vestina unaenda mdomoni.

Alihitaji kwenda nyumbani kuchukua nguo na kuangalia watoto, na kilima chao kiko kwenye njia yetu ya Gitega, tukampa nafasi. Tulipofika njia panda yao alishuka, akatuomba tumsubiri kidogo. Tulidhani anataka kutuletea ndizi. Hakuelekea kwake. Alipita nyumba yake, watoto wakimfuata, akaingia nyumba ya juu, tukasikia sauti yake, kali, halafu ya mwanamume. Akatoka akaingia nyumba ya pili.

Aliporudi alikuwa na wanaume wawili wamevaa mashati ya kwendea kanisani. Mmoja sikumjua. Wa pili alikuwa Leonidasi, kaka mkubwa, yule aliyeshika ngobyi mbele. Alitembea taratibu, mkono mmoja ameukandamiza tumboni chini, kama alivyokuwa amejikandamiza siku ile na sisi tukadhani ni uchovu.

"Alimbeba mdogo wake na yeye ana ngiri hiyo hiyo," Vestina akaniambia. "Mara mbili ya ile ya Salvatori. Aliyejua ni Salvatori tu, hata mkewe hajui."

Leonidasi alitazama chini. "Tutasubiri lori la kwenda Muyinga," akasema. "Nyinyi endeleeni na safari yenu, Mama. Tumeshawachosha."

Gari letu lilikuwa limeelekea Gitega, nyumbani, na nilikuwa na hamu ya kitanda changu. Dieudonne alifungua mlango akashuka, akamshika Leonidasi mkono, akampandisha kwenye kiti chake cha mbele, naye akaenda kukaa nyuma juu ya madumu pamoja na yule mwenzake Leonidasi. Mzee Hamisi aliwasha gari, akaangalia kushoto na kulia, akaligeuza kurudi Muyinga.